Mara ya Kwanza Tulipomzika

Mimi ni mwanahisa. Nina hisa arobaini katika kampuni ya kutengeneza vipindi vya televisheni iliyoko mjini Homa Bay, na cheti ninacho, nimekifunga kwa nailoni, kinakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na vifungo. Watu wakisikia neno mwanahisa hunitazama viatu kwanza. Wacha watazame. Mkutano mkuu wa kila mwaka tunaufanyia kwenye viti vya plastiki, ndani ya jumba lililokuwa kinu cha kusaga mahindi, na unga bado umeganda kwenye mbao za dari. Sisi wenye hisa chache tunawekwa nyuma karibu na jenereta, mahali ambapo husikii neno, unapiga makofi ukiona wa mbele wamepiga. Gawio la mwaka wa kwanza lilikuwa soda moja na mandazi mawili. Mwaka wa pili tulipata andazi moja moja, na mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, akatuambia kwamba biashara ya televisheni inataka subira.

Mimi ni Mkuria, nimezaliwa upande wa Kehancha, baba yangu akilima tumbaku. Nilikuja Rangwe kushona sare za shule, nikaolewa na mwanamume Mjaluo aliyezaliwa kisiwani Rusinga na kujenga huku bara. Yeye hakujua lugha yangu, mimi sikujua yake, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na binti yetu akalelewa kwa Kiswahili. Ndiyo sababu kampuni ilitupenda. Walitaka watu wanaoweza kusema sentensi nzima ya Kiswahili mpaka ikafika mwisho. Nilinunua hisa kwa faida ya muhula mzima wa kushona kaptula, na mume wangu akaniunga mkono, akisema nyuso zetu zitaonekana hadi Nairobi.

Yeye kazi yake ya mshahara ilikuwa kuendesha pampu ya maji. Kazi yake ya moyoni ilikuwa kuendesha matanga. Kila Ijumaa na Jumamosi alishika maikrofoni kwenye boma la mtu, leo Migori, kesho Mbita, wiki ijayo kijiji ambacho hata jina nilikuwa silijui. Alijua ukoo upi huanza kusema na mkwe yupi asiposhukuriwa ataondoka na hasira. Alijua namna ya kumnyang'anya mwanasiasa maikrofoni huku akimsifu. Hakutoza zaidi ya nauli. Nikilalamika aliniambia, "Mama, mimi naweka akiba. Siku yangu ikifika utakosa mahali pa kuweka sufuria." Nami niliamini, kwa sababu kwetu huku watu hukumbuka nani alikuja kwao na nani hakuja, hata miaka ishirini ipite.

Kampuni nayo ilianza na ndoto ya tamthilia. Stesheni za Nairobi hazikujibu barua, wala baruapepe, wala mwenyekiti alipokwenda mwenyewe akakaa mapokezi kutwa nzima na tai yake. Kilichotulisha ni matanga. Kamera yetu ilisimama kwenye maboma ya watu, ikarusha mazishi moja kwa moja kwa watoto walioko ng'ambo, na pesa za mafuta ya jenereta zikapatikana. Kufa kufaana. Mwaka wa tatu mwenyekiti akatangaza kwamba kila mwanahisa, siku yake ikifika, atapigwa picha bure kuanzia mochari mpaka kaburini. Tulipiga makofi. Sikumsikia hata mmoja akiuliza faida hiyo inaanza kutumika lini.

Hatimaye pesa kidogo ikapatikana na tamthilia ikaandikwa. Ilikuwa habari ya ndugu wanaogombania shamba, na kipindi cha kwanza kilihitaji matanga, na matanga yalihitaji marehemu. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Huku kwetu mtu mzima hawezi kuingia kwenye jeneza akiwa hai halafu arudi kula ugali kama kawaida. Fundi mmoja wa pikipiki aliyeletwa kutoka Migori alitia mguu mmoja, akakumbuka kwamba ameacha pikipiki ya mteja imefunguliwa injini, na hatukumwona tena. Wa pili alitaka apewe mbuzi kwanza. Alipewa, akamla na jamaa zake, akasema moyo wake umekataa. Dairekta wetu, aliyesomea sinema Nairobi miezi michache, alikuwa karibu kulia.

Mume wangu akacheka. "Miaka yote hii nimesimama kando ya jeneza. Leo wacha nilale mimi, nione wanavyoona."

Nilikataa. Nataka ijulikane kwamba nilikataa, na mbele ya watu. Lakini nilikataa mara moja tu, halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na hisa arobaini na nilitaka tamthilia ile iuzwe. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na huwa naitafuna kila siku nikikanyaga cherehani.

Ili kubana matumizi, picha zilipigwa nyumbani kwetu, kwa kuwa boma la mwanahisa halilipiwi. Jeneza liliazimwa kwa seremala wa sokoni. Dairekta akaamua tutumie majina yetu halisi, maana waigizaji wake walikuwa wakijikwaa kwenye majina ya kubuni, kwa hiyo msalaba ukaandikwa jina la mume wangu, herufi kubwa, kwa rangi nyeusi. Mimi nikafanywa mjane. Simu zetu zote zikakusanywa kwenye beseni na kuzimwa zisije zikalia katikati ya kilio, na beseni likafungiwa ndani kwa siku zote mbili za kazi. Nililia vizuri, kila mtu alisema. Nilivyokulia mimi mtu hulia na leso mdomoni, lakini mume wangu alinifundisha kulia kwa kishindo, kwenda hadi langoni na kurudi mikono juu ya kichwa. Alinifundisha akiwa amekaa ndani ya jeneza, pamba puani, akinirekebisha.

Sasa, barabara inapita kando ya ua wetu. Mtu fulani, sijui nani na sitaki kumjua, alipiga picha kwa simu. Ilionyesha msalaba, pamba, na mimi nimefunika kichwa. Hakuandika kwamba ni sinema. Picha ikaingia kwenye makundi ya simu na kabla ya jua kuzama ilikuwa imefika Rusinga. Watu wakapiga simu ya mume wangu, imezimwa. Wakapiga yangu, imezimwa. Ukiona msiba kwenye picha na simu zote mbili za nyumba hazipatikani, utaamini nini?

Siku ya pili, asubuhi, tukiwa katikati ya maombi ya mchungaji wa kuigiza, pikapu mbili zilisimama langoni. Moja ilijaa wanawake. Nyingine ilikuwa na fahali. Wifi yangu, dada wa pekee wa mume wangu, alishuka kabla gari halijatulia vizuri, akapiga kelele moja iliyonyamazisha hata kuku. Akaanguka pale langoni. Sisemi aliinama au alipiga magoti. Alianguka, uso kwenye changarawe, akainuka, akaanguka tena. Alimwita kaka yake kwa jina la utotoni. Alisema jinsi alivyombeba mgongoni kwenda shule siku za mvua, na jinsi alivyouza baiskeli yake ili amlipie karo, akatembea kwa miguu kwenda kazini mwaka mzima bila kumwambia mtu.

Mtu mwenye akili angesimamisha kazi. Dairekta aligeuza kamera ikatazama langoni. "Endeleeni, endeleeni! Hawa ni wa bure!"

Nilianza kukimbia nimwambie wifi. Mwenyekiti alinishika mkono. "Mama, tafadhali, usiharibu picha. Hii ndiyo itatutoa." Nami nikasimama. Sikusimama muda mrefu, pengine muda wa kushona pindo la sketi, lakini nilisimama.

Na yule aliyekuwa jenezani hakuamka. Alimsikia dada yake tangu langoni, akalala kimya. Wifi alifika, akamwekea kiganja shavuni, na shavu lilikuwa na joto. Mume wangu akafumbua macho. "Nyaminwa," akamwambia, yaani dada yangu kwa Kijaluo, "ni mimi. Ni mchezo tu."

Wanawake walitawanyika kama vifaranga. Mzee mmoja aliyeshuka kwenye pikapu kwa kusaidiwa na watu wawili aliruka ua peke yake. Fahali alikata kamba, akaingia kwenye mahindi yangu na kuyalaza mistari minne. Mtu aliyesimama mbali angecheka mpaka mbavu zimuume, na wengi walicheka. Wifi hakukimbia. Alibaki kando ya jeneza, changarawe bado imemgandia kwenye paji la uso.

"Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Tangu pale kwa geti?"

"Tangu pale."

"Mbona hukuamka?"

Mume wangu, bingwa wa maneno, alikwangua ubao wa jeneza kwa ukucha. Halafu akasema, "Nilitaka kusikia."

Wifi alijipangusa uso kwa shuka aliyofunikwa kaka yake. "Sawa. Umesikia. Mimi nimemaliza kukulilia. Mtu halilii mtu mmoja mara mbili." Akaondoka na watu wake. Fahali alimwacha. Alisema hakumleta kutembea, na mnyama aliyetolewa kwa msiba hawezi kumrudisha kwake kama kwamba soko lilikuwa baya. Tulimla, waigizaji na kampuni nzima. Mimi sikumaliza nyama yangu.

Tamthilia haikuuzwa. Stesheni moja ilijibu, safari hii, kwamba vipindi vya huzuni wanavyo vya kutosha. Lakini picha ya yule mtu wa barabarani iliendelea kuzunguka, sasa ikiwa na maneno ya kuchekesha, na sokoni Rangwe watu wakaanza kumwita mume wangu Marehemu. "Marehemu, nyanya ni pesa ngapi?" Mwanzoni alicheka nao. Kisha akasimama kwenye matanga huko Migori, akashika maikrofoni, akasema salamu zake za kawaida, na nyuma ya hema vicheko vikaanza. Mfiwa akamwendea polepole akamwomba, kwa heshima, asikaribie jeneza. Baada ya hapo simu za kumwita ziliisha. Jumamosi alikaa nyumbani, amevaa koti lake la matanga, akisikiliza redio. Hakuna kitu kilichoniuma kama lile koti.

Alikwenda Rusinga mara mbili kumwomba dada yake radhi, na sukari na kitenge mkononi. Alikaribishwa. Alipewa samaki, alipewa maji ya kunawa. Wifi hakuketi naye mezani. Mara ya pili aliporudi aliniambia, "Amenipikia vizuri kabisa," akaingia kulala na viatu.

Ugonjwa ulikuwa umeshaanza, wa figo, naye aliuficha kama mtu anayeficha deni. Nilipojua, alikuwa tayari amevimba miguu. Tulitibiwa Migori, si karibu na nyumbani, kwa sababu hakutaka watu wamwone. Alisema wakimwona kitandani watauliza kamera iko wapi. Alifariki Jumanne saa tisa mchana, nimetoka kumnunulia uji. Nilirudi na kikombe, nikakuta shuka imefunika uso. Nikamwambia, "Amka basi, uji unapoa." Nesi alinitazama vibaya. Sikuwa nimechanganyikiwa. Mtu aliyewahi kuamka mara moja hukupa tabia ya kungoja.

Nilianza kupiga simu. Wa kwanza, rafiki yake waliyeendesha naye pampu, alicheka. "Shemeji, hii ni sehemu ya pili? Safari hii mnalipa?" Wa pili aliniambia hana nafasi ya kuigiza, yuko shambani. Nilituma tangazo kwenye kundi la ukoo, watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Nikapiga picha kibali cha mazishi chenye muhuri, nikakituma. Mtu mmoja akajibu, "Safari hii hata karatasi mmetengeneza. Kazi safi." Redio ilikataa kusoma tangazo mpaka nilipokwenda mwenyewe na kitambulisho chake na changu. Wengine wakaamini baadaye, najua, lakini kuamini baada ya kucheka ni aibu, na mwenye aibu hukaa kwake.

Wifi hakucheka. Aliposikia sauti yangu alijua mara moja. Nikasikia mbuzi nyuma yake.

"Wifi," nikasema, "njoo umzike kaka yako."

"Mimi nilimzika," akasema. "Mlinizikisha nyinyi. Mwili wake niliulilia ukiwa hai, na hayo machozi ndiyo yamemmaliza. Sasa nikuje kulia na nini?"

Nilimsihi. Niliita jina la Mungu, niliita jina la mama yao. Alikata simu, akaizima, na ndugu wengine wa Rusinga wakamfuata, maana yeye ndiye mkubwa wao sasa. Walikuja wapwa wawili tu, ndio waliochimba kaburi.

Mtu aliyezika nusu ya kaunti mbili alizikwa na watu ambao ningeweza kuwashonea sare wote kwa wiki moja. Majirani walikuja, kanisa likaja, wanawake wa sokoni wakaja na ndugu zangu wawili kutoka Kehancha. Sufuria nilizokodi zilirudi nyingine hazijashika moto. Na kampuni ikaja. Mwenyekiti alikuwa ameahidi, na ni lazima nikiri kwamba hii ndiyo ahadi pekee waliyowahi kuitimiza kwa wakati. Walisimamisha kamera, wakawasha taa mchana kweupe, dairekta akaanza kuwapanga watu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Waliokuwa wakipita barabarani, wengine pengine wamekuja kwa kusitasita kuona kama ni kweli, waliona kamera. Wakasimama kwenye ua. Hawakuingia. Walikunja mikono, wakatabasamu, wakangoja aamke. Mchungaji alipofika kwenye mavumbi kwa mavumbi mtu mmoja akapiga mluzi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja pia. Nilitazama lile jeneza kama wao.

Nikaenda kwa dairekta nikamwambia azime. Akasema ni haki yangu kama mwanahisa. Nikamwambia nimeiacha haki yangu, azime, ama nitaibwaga kamera yake ndani ya kaburi ahitaji kibali kuifukua. Alizima. Watu wa kwenye ua walipoona kamera imekunjwa na jeneza bado linashuka, tabasamu ziliwafutika. Wawili walivua kofia. Wengine waliondoka haraka, bila kusalimia.

Sikulia kwa kishindo siku hiyo. Nililia na leso mdomoni.

Binti yetu anafanya kazi Ghuba, nyumbani kwa watu, na habari za ile tamthilia tulimficha. Mwajiri wake alikataa kumpa ruhusa. Alipopiga simu nilimwambia kwamba shangazi yake hakuja, naye akaniomba kitu kimoja tu. "Mama, najua kampuni ilikuja. Nitumie video ya mazishi. Nataka nione watu waliokuja kwa baba." Sikuwa na video, nilikuwa nimeizima mwenyewe. Na kama ningekuwa nayo, ningemwonyesha nini? Alikua akimwona baba yake akiondoka kila Jumamosi kuwazika watu. Nilimwambia mtandao ni mbaya. Wiki iliyofuata nilimwambia fundi anaitengeneza. Aliuliza kila Jumapili, na kila Jumapili sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Mkutano mkuu ulipofika nilikwenda. Mwenyekiti alituomba tusimame kimya kwa dakika moja, kisha akaketi, akafungua faili, akasema kwamba kwa kuwa sasa mwigizaji wetu mkuu ametangulia mbele za haki, huenda stesheni zikaitazama ile tamthilia kwa jicho jingine. Wa mbele wakapiga makofi. Niliinuka kule nyuma, nikazima jenereta kwa mkono wangu, na jumba lote likanigeukia.

"Uzeni," nikawaambia. "Hisa arobaini haziwezi kuzuia kitu. Lakini mimi nataka gawio langu leo. Nataka ile picha ya langoni."

Hakuna aliyebisha. Dairekta aliniwekea kwenye simu palepale, bila kuniangalia. Nilimfanya akate jeneza lote, pamba yote na msalaba. Pakabaki pikapu mbili, wanawake wakishuka wakiomboleza, wazee na fimbo zao, fahali, na wifi yangu. Niliitazama mara moja tu. Watu walikuwa wengi. Kweli walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa akilia kwa dhati ya moyo wake.

Nikaituma Ghuba. Sikuandika neno lolote chini yake.

Binti yangu alipiga simu baada ya saa moja. Alikuwa ametoka kulia, lakini sauti yake ilikuwa imerudi.

"Mama, ona watu! Na shangazi alikuja. Ulisema hakuja. Nimemwona ameanguka pale langoni."

"Alianguka, mwanangu," nikamwambia. "Alianguka kwelikweli."